Mwenye Fimbo na Mwenye Sikio

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kabla ya shule kuwa desturi ya kila nyumba, kazi ya kumrudi mtoto na kazi ya kumsikiliza hazikuwekwa mikononi mwa mtu mmoja. Baba, na mara nyingi mama, ndio waliorudi, yaani walioonya na kuadhibu. Bibi, babu, shangazi na mjomba ndio waliopokea machozi. Mgawanyo huo haukuandikwa popote, lakini ulijulikana kiasi cha kuwa na lugha yake: bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", mjukuu naye humjibu kwa ubishi ambao akiuthubutu mbele ya baba yake hautapita bure, na wachunguzi wa mila wameuita uhusiano huo utani wa vizazi vinavyopishana, kwa kuwa wanaotaniana ni wa kizazi cha kwanza na cha tatu huku kizazi cha kati kikibaki na heshima na hofu. Mtoto aliyechapwa alikimbilia kwa bibi, na baba aliyemfuata na fimbo mpaka mlangoni mwa mama yake mwenyewe alikuwa amejitafutia aibu. Historia ya malezi ya hisia katika shule za msingi, yaani jitihada za kumsaidia mtoto aitambue hofu, huzuni na hasira yake na apate mtu wa kumweleza, inaeleweka vizuri zaidi ikianzia hapo, kwa sababu shule ilipokuja iliwachukua watu hao wawili ikawafanya mmoja, ikamwita mwalimu.

Katika miji ya pwani mgawanyo huo ulikuwa na ofisi yake kabisa. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mtu mzima asiye mama yake mzazi, ambaye kazi yake ilikuwa kumfunda mambo ya mwili, ndoa na adabu, na ambaye baada ya mafunzo aliendelea kuwa mtu wa siri wa msichana huyo kwa miaka mingi, pengine mpaka uzeeni. Mtu asiye mzazi ndiye aliyefaa, kwa kuwa yale ambayo mwana angeona haya kumwambia mama yake aliweza kumwambia somo bila kuvunja heshima ya nyumba. Kwa upande wa wavulana, jandoni palikuwa na kungwi. Hata hivyo si haki kuipamba mila hiyo kupita kiasi, maana jandoni palikuwa pia na njaa ya makusudi, matusi, vitisho na fimbo, na watoto wengi walitoka huko wamefunzwa kunyamaza kuliko kusema. Kilichokuwapo si upole. Kilichokuwapo ni mlango wa pili: mtoto aliyeumizwa na mmoja alikuwa na mwingine wa kumwendea.

Chuo cha Kurani, ambacho ndicho shule kongwe zaidi ya pwani, kilianza kuuchanganya mgawanyo huo, ingawa kwa namna yake. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu akiwa mdogo, akapewa ubao, akaanza na herufi, akaendelea na sura fupi, na bakora ya mwalimu ilikuwa sehemu ya mafunzo ambayo mzazi aliikubali siku alipomkabidhi mtoto. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, alieleza malezi na masomo ya watoto katika maandishi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na msomaji wa leo huona humo jinsi chuo kilivyofungamana na nyumba, ada, karamu na dua. Mwalimu huyohuyo mwenye bakora ndiye aliyeitwa usiku mtoto aliposhtuka usingizini au alipokataa kula bila sababu ya kuonekana, akaandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji na mtoto akanyweshwa. Hiyo ndiyo iliyoitwa kombe. Kwa lugha ya siku hizi ingesemwa kwamba mwalimu wa chuo alikuwa mwadhibu na mponyaji kwa pamoja, lakini tofauti kubwa ni kwamba aliishi mtaa mmoja na wanafunzi wake, aliwajua mama zao kwa majina, na alifundisha watoto kiasi ambacho jicho moja liliweza kuwaona wote.

Shule ya bweni ya wamisionari ndiyo ya kwanza kukutana na watoto wasiokuwa na bibi wala somo wa kumkimbilia. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipohamia Unguja mwaka 1864, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana waliokamatwa kutoka katika majahazi ya watumwa, na baadaye shule ya Mtakatifu Andrea huko Kiungani, nje kidogo ya mji, ikajaa watoto wa aina hiyo, waliotoka bara, waliotekwa au kuuzwa, wakatembezwa hadi pwani, na sasa wakawekwa darasani kujifunza kusoma. Mwaka 1887 Arthur Madan, mwalimu wa hapo ambaye wasomaji wa Kiswahili humjua zaidi kwa kamusi zake, alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, kilichokusanya habari za maisha ya wavulana hao jinsi walivyoziandika wenyewe kwa Kiswahili, naye akazitafsiri. Ni vigumu kutaja maandishi ya zamani zaidi katika eneo hili ambamo watoto wa shule wanaeleza kwa mikono yao hofu na misiba iliyowapata. Zoezi la insha, ambalo mwalimu mwingine angelitumia kupima tahajia tu, lilifungua hapo mlango ambao hakuna mtaala wowote wa wakati ule uliokuwa umeuwazia. Kwamba kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza waliochangia gharama za misheni, ni jambo la kukumbukwa pia: huzuni ya watoto iliandikwa Kiungani, ikasomwa mbali.

Utawala wa Kijerumani uliingia na shule za serikali, ya kwanza ikifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa shabaha ya kupata makarani, wakalimani na maakida wenye kusoma na kuandika Kiswahili. Pamoja na shule ulikuja mjeledi. Adhabu ya viboko 25, iliyobaki katika kumbukumbu za watu kwa hesabu yake ya Kiarabu, hamsa ishirini, haikuwa adhabu ya wanafunzi. Ilikuwa ya vibarua, wapagazi na wafungwa. Lakini ilijenga mazoea ya kuona mamlaka na mjeledi kuwa kitu kimoja, na lugha yenyewe ikatunza ushahidi. Neno kiboko lilikuwa jina la mnyama wa mtoni, likawa jina la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake, kisha likawa jina la pigo lenyewe, hata leo mwanafunzi husema amepigwa viboko vinne ilhali kilichotumika ni kijiti cha mpera kilichokatwa nyuma ya darasa asubuhi ileile.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walileta utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni, sheria ya elimu ya mwaka 1927, na mfumo wa viranja, yaani wanafunzi wakubwa waliopewa mamlaka juu ya wenzao, ambao Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu, iliuiga kutoka shule za bweni za Uingereza. Kiranja aliyeandika majina ya wapiga kelele kwenye kipande cha karatasi na kukikabidhi kwa mwalimu wa zamu ni urithi wa wakati huo, na amedumu kuliko mambo mengi yaliyosifiwa zaidi.

Jaribio moja la miaka hiyo lastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu lilijaribu kuwarudisha wazee ndani ya shule. Mwaka 1928 W. Bryant Mumford alianzisha shule ya Malangali, katika nyanda za juu za Iringa, akaipanga kwa kufuata maisha ya jamii zilizoizunguka: wazee waliletwa kufundisha mila na historia, ngoma na matumizi ya mkuki vikaingia katika ratiba, na wanafunzi wakavaa mavazi ya kwao badala ya kaptula. Mumford aliandika habari za shule hiyo katika jarida la Africa mwaka 1930, na kwa muda ilitazamwa na watu wa elimu kama mfano. Wazo la kwamba mtoto aliyetolewa kwao anahitaji mtu mzima asiye mwalimu, anayesema lugha ya nyumbani na asiyempa alama, lilikuwa sahihi. Kilichoiangusha Malangali ni shabaha yake nyingine, ile ya kumbakiza Mwafrika katika ulimwengu wake mdogo, na wazazi waliopeleka watoto wao shule ili wapate yale waliyokuwa nayo Wazungu hawakuona sababu ya kumtuma kijana mbali akajifunze ngoma aliyoiacha kijijini. Jaribio likafa, na pamoja nalo likafa wazo la mzee wa shule, ambalo kosa halikuwa lake.

Uhuru haukuivunja fimbo. Katika Tanganyika, sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 iliamuru viboko 24 kwa makosa kama wizi wa mali ya umma na rushwa, nusu mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapotoka, na taifa lililomchapa mtu mzima mwizi lisingetazamiwa kumhurumia mtoto aliyechelewa mstarini. Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutoa Machi 1967, ulidai shule iwe jumuiya, wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na ya kazi zao, na masomo yasiwe mashindano ya kuwachuja wachache. Ndani ya dai hilo mlikuwamo mbegu ya malezi ya hisia, kwa kuwa mtoto anayeulizwa maoni yake hujifunza kuyajua. Ila waraka haukusema neno juu ya huzuni ya mtoto, na shule nyingi zilichukua jembe zikaacha mjadala.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri awe darasani kufikia mwaka 1977, miaka mingi kabla ya ilivyopangwa awali. Watoto walimiminika. Walimu hawakutosha, na serikali ikawachukua kwa maelfu vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu papo hapo vijijini huku wakifundisha, nao wakajulikana kama walimu wa UPE. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba, basi mtoto aliyeletwa kuandikishwa alitakiwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Aliyelifikia alionekana kutosha umri. Hicho kilikuwa, kwa miaka mingi, kipimo pekee rasmi kilichohusisha shule na sikio la mtoto. Kijana wa miaka 18 aliyesimama mbele ya watoto 70 au zaidi, akiwa na chaki, kitabu kimoja na mafunzo ya jioni, alitumia chombo alichokijua tangu alipokuwa yeye mwenyewe dawatini.

Sheria ilikuja kukipanga chombo hicho, si kukiondoa. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zilitungwa mwaka 1979 kanuni za adhabu ya viboko, zilizoandikwa upya mwaka 2002, na kuzisoma kwa makini ni kuona jinsi dola inavyoweza kuwa na uangalifu mkubwa katika jambo moja na kusahau la pili. Kanuni zinaeleza fimbo yenyewe: nyepesi na yenye kunyumbulika. Zinaeleza mahali pa kupiga: mkononi, au matakoni juu ya nguo za kawaida, na si pengine popote. Zinataka adhabu itolewe kwa kosa kubwa, kwa kuzingatia umri, jinsi na afya ya mwanafunzi. Zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi. Zinataka msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo. Na tangu mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne. Kila pigo liingizwe katika kitabu, pamoja na jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Mtu akikilinganisha kitabu hicho na maisha ya shule aliyoyajua, ataona pengo mara moja: mapigo mengi hayakuandikwa kamwe, maana yalitolewa mlangoni kwa wachelewaji, kwenye mistari ya usafi, na darasani kwa kila jibu la hesabu lililokosewa, na mikononi mwa walimu ambao hawakukabidhiwa lolote kwa maandishi. Lakini pengo la pili ndilo kubwa zaidi. Hapakuwa na kanuni ya namna hiyohiyo, yenye kipimo, mahali, mhusika na kitabu, iliyoeleza nani amsikilize mtoto yule kabla ya fimbo au baada yake.

Kenya ilikuwa na kanuni zinazofanana, za mwaka 1972, zilizotaka uchunguzi ufanywe kwanza, adhabu isizidi viboko sita, iwepo shahidi, na wanafunzi wengine wasiwepo. Nazo zilivunjwa kila siku, mbele ya darasa zima. Tofauti ni kwamba Kenya ilitangulia katika upande wa pili. Wizara yake ya elimu iliunda kitengo cha ushauri na uelekezaji mwaka 1971, na ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ikahimiza huduma hiyo shuleni, ingawa kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa jambo la shule za sekondari na la kuchagua kazi baada ya masomo kuliko la kutuliza moyo. Mwaka 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzito kuhusu fimbo katika shule za Kenya, na mwaka 2001 serikali ikazifuta kanuni za viboko kwa Tangazo la Kisheria Namba 56. Mwaka huohuo Sheria ya Watoto ilipitishwa, na moto wa bweni la sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliowaua wavulana 67, ukailazimisha nchi kujiuliza ni mambo gani wanafunzi huyabeba bila kuyasema. Jibu la kitaalamu lilikuwa kwamba ushauri nasaha uchukue nafasi ya fimbo. Jibu la hesabu lilikuja Januari 2003, karo za shule za msingi zilipofutwa na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi zaidi ya milioni 7 katika mwaka mmoja. Mwalimu aliyeambiwa aache kuchapa na aanze kusikiliza alijikuta na watoto 80 wa kuwasikiliza, na malalamiko ya walimu wa wakati ule, kwamba wamenyang'anywa chombo bila kupewa kingine, yalikuwa na ukweli ambao watetezi wa haki za watoto hawakuupa uzito uliostahili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliongeza kwenye marufuku hayo mateso ya kiakili, yaani kumdhalilisha na kumtisha mwanafunzi kwa maneno, jambo ambalo kwa historia hii ni hatua kubwa kuliko ilivyopewa sifa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kifungu cha sheria ya elimu kilikiri kwamba ulimi nao huchapa.

Maneno yenyewe yalichelewa kuwafikia watu wa kawaida. Nasaha ni neno la siku nyingi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya shauri jema, lakini ushauri nasaha kama jina la kazi, pamoja na unasihi na mnasihi yanayotumiwa zaidi Tanzania, yalienea mitaani kupitia vituo vya kupima virusi vya Ukimwi, ambako mtu alipewa ushauri nasaha kabla ya kutolewa damu na baada ya kupata majibu. Kwa hiyo mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe amepelekwa kwa mnasihi wa shule alikuwa na haki ya kushtuka, maana neno lilikuwa na harufu ya maradhi.

Ukimwi, kwa hakika, ndio uliofanya kile ambacho tume na waraka havikufanya. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitoka mkoa wa Kagera, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya mkoa huo vilizika kizazi cha kati, kile hasa ambacho katika mgawanyo wa zamani kilikuwa na kazi ya kurudi na kulisha. Wakabaki bibi na wajukuu. Utani wa vizazi vinavyopishana ulilemewa na mzigo ambao haukuumbiwa, kwa kuwa bibi aliyekuwa kimbilio sasa ndiye aliyetakiwa kuadhibu, kulima, kutafuta sare na kueleza kwa nini mama harudi. Na wengi hawakueleza, kwa kuwa desturi ilikataza kusema na mtoto habari za kifo. Darasani mtoto huyo alionekana mzito, msahaulifu, mchelewaji, mara nyingine mgomvi, na dalili hizo zote katika shule ya kawaida zilikuwa makosa ya kuchapiwa.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi ulioitwa Humuliza, kwa neno la Kihaya la kuliwaza, uliolenga kuwasaidia yatima kwa msaada ambao wataalamu waliuita wa kisaikolojia na kijamii, yaani unaoshika kwa pamoja moyo wa mtoto na watu wanaomzunguka badala ya kumpa daftari na sare peke yake. Mradi ulifanya kazi na walimu wa shule za msingi, wakijifunza kuona msiba nyuma ya utoro, na ukawasaidia yatima wenyewe kuunda chama chao, Vijana Simama Imara, ambamo wakubwa kidogo waliwatembelea wadogo, wakajengeana na kusaidiana. Uganda nako, katika miaka hiyo, chama cha wanawake wanaoishi na virusi, NACWOLA, kilieneza desturi ya kitabu cha kumbukumbu, ambamo mama mgonjwa aliandika kwa mkono habari za ukoo, za kuzaliwa kwa mtoto na za yale aliyoyapenda, ili mtoto apate siku moja kuyasoma. Wavulana wa Kiungani walikuwa wameandika kwa ajili ya wageni. Hapa aliyeandika alikuwa mzazi, na msomaji alikuwa mtoto wake.

Kazi ya Nshamba haikuwa mfumo wa nchi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uliojulikana kwa ufupisho wake MMEM, ulipofuta ada na kupanua uandikishaji kutoka chini ya watoto milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005, fedha zilikwenda kwenye vyumba vya madarasa na vitabu, mambo yanayohesabika. Wizara ilikuwa imeagiza kwa waraka kwamba shule ziwe na huduma ya ushauri na unasihi, na shule nyingi zilitii kwa kumteua mwalimu mlezi, cheo ambacho hakikumpunguzia vipindi wala hakikumpa chumba; mara nyingi alikuwa mwalimu wa kike mwenye umri, aliyeonekana mpole, na aliyejifunza kazi hiyo kwa kuifanya. Ni jambo la kushangaza kidogo, na la kutia moyo, kwamba shule bila kujua zilikuwa zimemtafuta somo.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu watu 3 kati ya 4 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walitajwa miongoni mwa watendaji wakuu. Uchunguzi mwingine, uliofanywa na Tobias Hecker na wenzake katika shule moja ya msingi nchini kwa kuwahoji watoto 409, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba takribani asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kimwili na mwalimu, na kwamba waliopigwa kwa ukali zaidi ndio waliokuwa wakorofi zaidi na wenye huruma kidogo kwa wenzao. Ugunduzi huo wa mwisho ulipaswa kuwasumbua hasa wale wanaomkunja samaki angali mbichi, kwa kuwa unaonyesha kwamba samaki hujikunja, lakini si upande uliotakiwa. Agosti 2018 mwanafunzi wa miaka 13 wa shule moja ya msingi mjini Bukoba alikufa baada ya kupigwa shuleni, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia mwalimu hatiani kwa kosa la mauaji. Bukoba na Nshamba zimo katika mkoa mmoja.

Kuna ushahidi, hata hivyo, kwamba mwalimu anaweza kubadilika bila kungoja darasa lipungue. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilihusishwa katika jaribio la mpango wa shule bora uliobuniwa na shirika la Raising Voices, ambao hauanzi na katazo bali na walimu na wanafunzi kukaa pamoja kupanga kanuni za shule, kuunda kamati, kubandika maazimio ukutani na kutafuta adhabu zisizoumiza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizofuata mpango, dhidi ya asilimia 49 katika zile ambazo zilikuwa hazijaanza. Upungufu huo ni mkubwa, na asilimia 31 iliyobaki nayo ni kubwa. Uganda ina jambo lingine linalohusiana moja kwa moja na mgawanyo wa zamani: kila shule hutakiwa kuwa na mwalimu mwandamizi wa kike anayeshughulikia mambo ya wasichana, na watu wa Buganda wanapomtazama humwona katika nafasi ya ssenga, dada wa baba, ambaye kwa desturi yao ndiye aliyemfunda msichana.

Tanzania imeendelea kuongeza tabaka juu ya tabaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikataza mateso na adhabu za kikatili lakini ikaacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi kinachostahili. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, ukataka shule ziwe mahali salama. Na mpango wa Shule Salama, uliowekwa ndani ya mradi wa BOOST wa shule za msingi ulioanza mwaka 2022, ukaleta mafunzo ya unasihi kwa walimu, madawati ya ulinzi wa mtoto na masanduku ya maoni ambamo mwanafunzi hutumbukiza karatasi isiyo na jina. Sanduku hilo, lililopigiliwa ukutani karibu na ofisi na kufungwa kwa kufuli, lina tatizo lake dogo ambalo watoto hulitambua upesi kuliko wakubwa: mtoto wa darasa la pili hajui kuandika anachotaka kukisema, na wa darasa la saba anajua kwamba mwandiko wake unajulikana. Juu ya hayo yote kanuni za viboko za mwaka 2002 hazijafutwa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, kwa hiyo, ndiye anayetoa kibali cha kuchapa na kuweka saini katika kitabu cha adhabu, na ndiye anayemteua mnasihi; na pale walimu wanapokuwa wachache, kama ilivyo katika shule nyingi za vijijini, anayekatiwa kijiti cha mpera kwa zamu ya wiki hii na anayetakiwa kukaa na mtoto yuleyule chini ya mwembe saa nane mchana kumuuliza kwa nini siku hizi halali usiku ni mwalimu mmoja.